Chuo Huandikwa Kabla ya Kujengwa

Mwezi Aprili 1954 wakili mmoja wa Mombasa alikuwa na mambo mawili makubwa Nairobi. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa imeunda Baraza la Mawaziri kwa mara ya kwanza, naye Ambalal Bhailalbhai Patel akaingia humo kama waziri asiye na wizara maalumu. Mwezi huohuo jumuiya ambayo yeye alikuwa mmoja wa vinara wake, Gandhi Memorial Academy Society, iliunganisha mpango wake wa kujenga chuo na mpango wa serikali za Afrika Mashariki. Jambo la kwanza lilikuwa habari ya siku, na leo baraza lile linakumbukwa na wanahistoria tu. Jambo la pili lilizaa taasisi ambayo sasa inaitwa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Patel, ambaye watu wa zama zake walimwita kwa kifupi A. B. Patel, hakuwa tajiri wa viwanda kama wakubwa wa sukari wa Uganda, wala hakuwa mwalimu. Alikuwa barista mwenye ofisi Mombasa. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya mwaka 1938, akakaa humo hadi 1956, na kwa vipindi tofauti aliongoza East African Indian National Congress. Kazi yake ilikuwa kusoma miswada, kupinga kifungu hiki na kukubali kile, na kujua mahali ambapo neno moja likibadilishwa haki ya watu elfu kumi huponyoka. Mtu wa namna hiyo anafaa nini kwa chuo? Swali hili leo lina uzito zaidi Ariwara kuliko Nairobi.

Ariwara ni mji wa soko katika teritware ya Aru, kaskazini mwa jimbo la Ituri nchini Kongo, karibu kabisa na mpaka wa Uganda, na Sudan Kusini nayo haiko mbali. Shilingi ya Uganda huko hupita mkononi bila maswali. Mafuta, pikipiki, mbao, kahawa na dhahabu huingia na kutoka, baadhi kwa karatasi na baadhi bila karatasi. Walugbara na Wakakwa wako pande zote mbili za mpaka, na msiba wa upande mmoja huliliwa upande wa pili. Fedha ipo, watu wapo, na kila mwaka shule za sekondari hutoa vijana wenye Diplomu ya Serikali mkononi.

Baada ya diplomu njia hugawanyika. Kijana mwenye uwezo huvuka kwenda Arua, ambako kuna chuo kikuu cha umma cha Muni, lakini huko masomo ni kwa Kiingereza na yeye amesoma maisha yake yote kwa Kifaransa, tena atalipa kama mgeni. Mwingine hushuka hadi Bunia, kwenye chuo cha ualimu, ISP, au Chuo Kikuu cha Bunia, vyote vya umma, au kwenye Chuo Kikuu cha Shalom ambacho ni cha makanisa. Ili afike huko inampasa apite Mahagi na Djugu, na Djugu ndiyo sehemu ambayo mashambulizi ya wanamgambo wa CODECO na makundi mengine tangu mwisho wa 2017 yameigeuza safari ya mwanafunzi kuwa jambo la kuombewa. Wachache hufika Kisangani. Waliobaki hununua pikipiki ya kubeba abiria, na mwaka unaofuata huwabeba wadogo zao kuwapeleka shuleni.

Ndiyo maana ahadi ya chuo cha umma ni ahadi tamu wakati wa kampeni katika miji kama huu. Na mgombea akiwa wakili, ahadi hunoga zaidi, kwa sababu watu huamini kwamba mwenye kujua sheria anajua mlango wa kubisha Kinshasa. Imani hiyo si ya kijinga. Ila mara nyingi inamtaka wakili kazi isiyo yake: kuleta saruji, kukata utepe, kupiga picha kando ya jiwe la msingi. Kisa cha Nairobi kinaonyesha kazi nyingine, isiyopigiwa makofi, ambayo wakili aliye bungeni anaiweza kuliko mtu yeyote.

Mwaka 1947 serikali ya Kenya ilipanga kujenga Nairobi taasisi ya ufundi na biashara. Kufikia 1949 mpango ule ulikuwa umepanuka na kuwa wa nchi nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Septemba 1951 ulipata hati ya kifalme kwa jina la Royal Technical College of East Africa, na Aprili 1952 jiwe la msingi likawekwa. Miezi sita baadaye ikatangazwa hali ya hatari kwa sababu ya uasi wa Mau Mau. Chuo kikajengwa katika nchi iliyokuwa vitani.

Kando ya mpango huo kulikuwa na mwingine. Mahatma Gandhi aliuawa tarehe 30 Januari 1948, na Wahindi wa Afrika Mashariki, wenye maduka kuanzia Mombasa hadi vituo vya mwisho vya reli, walitaka kumkumbuka kwa kitu kilicho hai. Wakachagua chuo cha sanaa, sayansi na biashara. Apa Pant, aliyefika Nairobi mwaka huohuo kama kamishna wa India, aliusukuma mpango huo kwa nguvu zake zote, na Waingereza wakamwangalia kwa jicho la pembeni hadi alipoondoka mwaka 1954. Michango ikakusanywa dukani na hekaluni.

Ili uzito wa jambo hilo uonekane, ikumbukwe elimu ya Kenya ilivyokuwa. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waarabu na shule za Waafrika, kila moja na bajeti yake na hadhi yake. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, ilikuwa imepanda hadi kuwa chuo chenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, lakini ilikuwa Kampala na nafasi zilikuwa chache. Mtoto wa mwenye duka wa Kihindi alipomaliza sekondari alipanda meli kwenda Bombay au Uingereza, kama baba yake alikuwa na nauli. Mtoto wa Kiafrika mara nyingi hakuwa na meli ya kupanda.

Kwa hiyo kulikuwa na fedha za jumuiya bila hati, na hati ya serikali yenye upungufu. Serikali ilikuwa na kiwanja, jina la mfalme na mafundi wa ramani, lakini mpango wake ulielekea ufundi. Wahindi walikuwa na michango na shauku, na walitaka masomo ambayo serikali haikuyaweka mbele. Vyuo viwili katika mji mmoja, kila kimoja kikitafuta walimu walewale kutoka ng'ambo, vingekuwa ufahari wa maskini.

Mtu asiye mwanasheria huiona hali hiyo na kusema kwa moyo mweupe, "Tuungane." Mwanasheria huuliza kwanza: tukiungana, fedha zetu zitakuwa za nani? Jina letu litakaa wapi? Nani ataketi katika baraza la chuo? Mlangoni ataingia nani? Maswali hayo hukera mikutanoni, na wakili anayeyauliza huitwa mtu wa kuchelewesha mambo. Lakini waliotangulia walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mali ya umma ni sheria.

Matokeo ya muungano wa 1954 yanaonekana. Sanaa, sayansi na biashara ziliingia kando ya uhandisi. Jina la Gandhi lilibaki kwenye sehemu ya majengo. Jumuiya iliyochangisha haikufutwa, na imeendelea kutoa misaada ya masomo katika chuo hicho. Na mlango ulikuwa wa watu wa rangi zote, jambo ambalo katika Kenya ya miaka ile, ambako hata hoteli zilibagua watu kwa rangi, halikuwa dogo. Wanafunzi wa kwanza waliingia Aprili 1956. Julai mwaka huo Sarvepalli Radhakrishnan, makamu wa rais wa India na mwanafalsafa, alifika kuzindua sanamu ya Gandhi. Oktoba akaja Princess Margaret kukifungua rasmi. Mrithi wa mpinga ukoloni na binti wa mfalme wa wakoloni walikifungulia milango chuo kimoja ndani ya miezi michache, na hakuna aliyeona kichekesho kikubwa katika hilo, au walioona walinyamaza.

Haikuwa rahisi ndani ya jamii yenyewe. Pakistan ilikuwa imezaliwa Agosti 1947, na mgawanyiko wa Wahindu na Waislamu ulivuka bahari hadi kwenye orodha za wapiga kura za Kenya, ambako mapema miaka ya 1950 viti vya Waislamu vilitengwa na vya wasio Waislamu. Kumchangia Gandhi halikuwa jambo la kila mtu. Hata katika Baraza la Mawaziri la 1954 uwakilishi ulikuwa kwa hesabu hiyo: Patel upande mmoja, na Ibrahim Nathoo, Mwislamu wa Kiismailia, akishika kazi za ujenzi upande wa pili. Kukiingiza chuo chenye jina la Gandhi ndani ya taasisi ya umma kulikiondoa katika ugomvi huo. Chuo kingebaki cha jumuiya, kingekuwa cha upande mmoja. Kilipokuwa cha nchi nne, mtoto wa Nathoo, mtoto wa Patel na mtoto wa mkulima wa Nyeri wangeweza kukaa benchi moja.

Hapa inafaa kusimama na kumpa Patel haki yake bila kumpaka asali. Hakukijenga chuo peke yake, na mwenye kusema hivyo anawadhulumu wenye maduka ambao majina yao hayako kwenye jiwe lolote. Tena alikuwa mbunge wa mfumo wa rangi. Waafrika wa Kenya, walio wengi kupita wote, walikuwa na wajumbe wa kuteuliwa tu, wa kwanza akiwa Eliud Mathu mwaka 1944, na hawakupiga kura ya kuchagua wajumbe wao hadi 1957. Chuo cha umma kikazaliwa katika nchi ambayo umma wake haukuwa na kura. Huo ni upungufu ambao hakuna uhodari wa uwakili unaoweza kuuziba.

Jina la Gandhi nalo limepata mawimbi yake. Chuo Kikuu cha Ghana kiliiondoa sanamu yake Desemba 2018 baada ya walimu na wanafunzi kukumbusha maneno aliyoyaandika kuhusu Waafrika katika ujana wake Afrika Kusini. Ile ya Nairobi waziri mkuu Narendra Modi aliizuru Julai 2016. Mjadala huo una haki ya kuendelea. Lakini unaweza kuendelea kwa sababu chuo chenyewe kipo, na wanaobishana ni wahitimu wake na wa wenzake.

Kilichofuata baada ya 1956 kinathibitisha kwamba maandishi ya mwanzo yalikuwa na mifupa. Kamati iliyoongozwa na John Lockwood wa Chuo Kikuu cha London ilipendekeza hadhi ibadilishwe, na tarehe 25 Juni 1961 chuo kikawa Royal College Nairobi, kikiandaa wanafunzi kwa shahada za London. Mei 1964 kikawa University College Nairobi ndani ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam, mkuu wake akiwa Julius Nyerere. Mwaka 1970 shirikisho hilo likavunjika na kila nchi ikabaki na chake. Majina manne ndani ya miaka kumi na minne, bendera mbili, na chuo kikaendelea. Patel hakuyaona hayo kwa karibu. Mwaka 1956 alijiondoa katika siasa akaenda kuishi Pondicherry katika ashramu ya Sri Aurobindo. Taasisi iliyomhitaji kila siku ingeanguka siku aliyopanda meli.

Sasa turudi Kongo, na mwaka uleule. Mwaka 1956 chuo kikuu cha serikali kilifunguliwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, miaka miwili baada ya Lovanium ya Wakatoliki huko Léopoldville. Kwa majengo na maabara, vyuo hivyo viwili havikuwa na cha kuionea Nairobi wivu. Lakini hakuna wakili Mkongomani aliyevijadili bungeni, kwa sababu hakukuwa na bunge wala mawakili Wakongomani. Kila kitu kiliamuliwa Brussels na kwa gavana mkuu. Uhuru ulipofika Juni 1960, wenye shahada walihesabika kwa vidole vya watu wawili watatu.

Mwanya huo ulizibwa kwa haraka. Mwaka 1961 ilianzishwa Léopoldville shule ya taifa ya sheria na utawala, ENDA, ili kuandaa mahakimu na maofisa kwa nchi iliyokuwa imebaki karibu bila wao. Aliyeiongoza katika miaka yake ya mwanzo ni Étienne Tshisekedi, ambaye mwaka huohuo alikuwa amepata udaktari wa sheria Lovanium, Mkongomani wa kwanza kuupata nchini. Baadaye aliingia bungeni, na mwaka 1980 akawa mmoja wa wabunge 13 waliomwandikia Rais Mobutu barua ya wazi. Wengi humkumbuka kwa barua ile na kwa chama cha UDPS. Ile shule haitajwi sana, ingawa waliopita humo ndio waliokalia viti vya mahakama katika majimbo ambayo Wabelgiji walikuwa wameyaacha matupu.

Mwaka 1971 Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA, na Chuo Kikuu Huru cha Kongo cha Kisangani, kilichoanzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, kikamezwa pamoja na vingine. Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981. Ulinganishe na ule wa Nairobi wa 1954. Wa Nairobi ulikuwa mapatano kati ya pande mbili, kila moja ikijua inachotoa na inachopata. Wa Kinshasa ulikuwa amri iliyokuja baada ya wanafunzi kuandamana, na shabaha yake ilikuwa kuwadhibiti.

Tatizo la leo ni tofauti tena. Kongo haina upungufu wa vyuo kwenye karatasi. Taasisi za juu zimechipuka kwa maagizo ya mawaziri, moja baada ya nyingine, mara nyingi kabla ya uchaguzi, katika miji ambayo haina maktaba wala umeme. Kisha waziri mwingine huja, hutuma wakaguzi, na orodha ya taasisi zisizotimiza masharti hutangazwa. Mzazi aliyelipa minervali, yaani ada, ya miaka miwili hujikuta na risiti na mtoto nyumbani. Kilichoandikwa kwa sahihi ya mtu mmoja hufutwa kwa sahihi ya mtu mmoja.

Hapo ndipo wakili aliye bungeni ana kazi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 203, inaweka uundaji wa taasisi za elimu, tangu za msingi hadi za juu na vyuo vikuu, katika mambo yanayoshughulikiwa kwa pamoja na serikali kuu na majimbo. Misaada ya masomo imo humohumo. Kifungu cha 202 kinaiachia serikali kuu kuweka viwango vya elimu kwa nchi nzima. Na sheria ya elimu ya taifa, ile ya tarehe 11 Februari 2014, inaeleza masharti. Kwa maneno mengine, Ituri haikatazwi kuwa na sauti juu ya chuo chake. Bunge la jimbo linaweza kutunga edi, sheria ya jimbo, ya kutenga fedha za misaada ya masomo au kiwanja, na wabunge wa taifa wa Aru wanaweza kudai mstari katika bajeti ya nchi. Ni mawakili wangapi walioomba kura Ituri wamewahi kuwasomea wapiga kura kifungu cha 203?

Kuna kizuizi ambacho si cha Ariwara. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu Kaskazini ziko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Gavana ni mwanajeshi, Luteni Jenerali Johnny Luboya N'Kashama, na bunge la jimbo limesimamishwa. Mlango mmoja kati ya miwili ya kifungu cha 203 umefungwa kwa kufuli. Hatua iliyotangazwa kuwa ya muda imegeuka miaka, na kizazi kizima cha wenye Diplomu ya Serikali kimemaliza sekondari bila kuona bunge la jimbo lao likijadili jambo lolote, sembuse chuo. Mbunge wa taifa ndiye aliyebaki, na mzigo wake umeongezeka maradufu, awe anajua au hajui.

Wengine watasema wakili si lazima, na wana mfano karibu. Muni, pale Arua, ilisukumwa na Christine Dranzoa, mtaalamu wa wanyama, aliyeongoza kikosi cha maandalizi na kisha akawa makamu mkuu wa kwanza wa chuo hadi alipofariki Juni 2022. Wenyeji walitoa ardhi. Ni kweli, na mama huyo anastahili kila sifa anayopewa katika eneo lake la West Nile. Ila Muni ilianzishwa mwaka 2013 juu ya msingi ambao tayari ulikuwepo: sheria ya Uganda ya 2001 ya vyuo vikuu na taasisi za juu, inayoeleza jinsi chuo cha umma kinavyoundwa na jinsi kinavyopata fedha. Dranzoa hakuhitaji kubuni njia, kwa kuwa wabunge walikwisha kuifyeka miaka kumi na miwili kabla.

Butembo, huko Kivu Kaskazini, nayo hutolewa mfano. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilifunguliwa mwaka 1989 kwa juhudi za Askofu Emmanuel Kataliko na watu wake, bila kungoja Kinshasa. Ni fahari halali ya Wanande. Lakini kile ni chuo cha kanisa, na mwanafunzi hulipa gharama yake. Vyuo vya umma vya Kongo navyo, ukweli usemwe, huishi kwa kiasi kikubwa kwa michango ya wanafunzi, hadi tofauti ya umma na binafsi inakaribia kufutika. Kwa hiyo neno "umma" nalo linahitaji kuandikiwa maana katika mstari wa mishahara na mstari wa matumizi.

Kuhusu ardhi, Marekani ina kisa cha kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Justin Morrill, mfanyabiashara kutoka Vermont, alipeleka bungeni muswada wa kuyapa majimbo ardhi ya kuuza ili yajenge vyuo vya kilimo na ufundi. Mwaka 1859 Rais James Buchanan, wakili, akaukataa. Julai 1862 Rais Abraham Lincoln, wakili pia na mbunge wa zamani, akautia sahihi uliporejeshwa, ukiwa na ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mwakilishi wa jimbo, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vyuo vikubwa vya umma vya nchi ile vilitokana na hapo. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji wa asili, na hadi leo baadhi ya vyuo hivyo vinadaiwa maelezo.

Ariwara haihitaji kurudia kosa hilo, na iko hatarini kulirudia kwa njia yake. Kiwanja cha chuo hutolewa na chifu au na ukoo mbele ya umati, kwa mkono na kwa soda. Miaka mitano baadaye mtoto wa mtoaji anarudi kutoka Kampala, anakuta ukuta umejengwa shambani mwa babu yake, na hakuna karatasi iliyosajiliwa. Kesi huanza, na chuo hugeuka uwanja wa kulisha mbuzi. Wakili asiyeanza na cheti cha ardhi, chenye mipaka iliyopimwa na majina ya waliotoa pamoja na walichoahidiwa, hajaanza kazi, hata kama amekwisha kuhutubia mikutano kumi.

Baada ya ardhi, lugha. Chuo cha mji wa mpakani kingekuwa na sababu ya kufundisha kwa Kifaransa na kuandaa wanafunzi kwa Kiingereza, kwa maana nusu ya ajira za wahitimu wake ziko ng'ambo ya kizuizi cha forodha. Wanafunzi wa Arua wangeweza kuja, kama wa Ariwara wanavyokwenda. Kwa hilo mapatano ya nchi mbili yanahitajika, na Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Vyeti vya Ariwara vikitambuliwa Kampala na vya Arua vikitambuliwa Kinshasa, wafanyabiashara wa soko la Ariwara, ambao tayari wanahesabu kwa sarafu tatu, wangekuwa na sababu ya kuchangia kama wenye maduka wa Mombasa walivyochangia. Hawatachangia wakiamini fedha zitaishia kwenye akaunti ya mgombea. Watachangia wakiona jumuiya iliyosajiliwa, yenye mweka hazina asiyetoka familia moja na mwenyekiti, na kiti katika baraza la chuo kilichoandikwa kwa jina la jumuiya hiyo.

Ratiba nayo haina siri. Kwa mujibu wa Katiba, kikao cha Septemba cha Bunge la taifa Kinshasa huanza tarehe 15 Septemba na kumalizika tarehe 15 Desemba, na humo ndimo bajeti ya mwaka unaofuata hujadiliwa. Mbunge wa Aru anayetaka mstari wa chuo cha umma Ariwara inampasa awe na cheti cha ardhi, makadirio ya mishahara na rasimu ya mapatano na wachangiaji mkononi kabla ya Agosti, wakati wenzake wako likizo majimboni wakihudhuria harusi.